Siku Mbili Bila Matangazo ya Vifo

Nilijifunza kompyuta peke yangu, kwa video, katika duka la intaneti pale Busia. Mtu aliyejifunza peke yake hana cheti cha kumtetea, kwa hiyo nilijiwekea sheria kwamba kazi yangu isiwe na doa. Mpaka leo nakagua kufuli la mlango mara tatu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba lile kosa halikutokana na uzembe. Natamani lingetokana na uzembe.

Redio moja ndogo ya Tororo iliniita kuzibadilishia mfumo kompyuta zake tano, kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa umeachwa na waliouunda. Kuweka mfumo mpya ni kusubiri tu. Ugumu uko kwenye programu zinazotakiwa kurudishwa baadaye, hasa ile inayopanga kinachokwenda hewani. Niliandika orodha ya amri ili iweke kila programu kwenye kila kompyuta bila mtu kugusa kitu, kisha iniletee ripoti. Jumamosi jioni ripoti ilikuja, kijani mstari kwa mstari: kila programu imewekwa. Niliipiga picha.

Kwetu matangazo ya vifo huenda hewani mara kadhaa kwa siku, baada ya habari, kwa Kidhopadhola, Kiteso na Kiswahili. Saa saba mchana, kwenye hoteli za pande zote mbili za mpaka, watu huacha kutafuna. Marehemu ni wa wapi, ameacha nani, anazikwa lini, na mwishoni wale wanaotakiwa kuarifiwa popote walipo. Simu zipo, lakini mtu akivuka mpaka hubadilisha laini, na wengine huibadilisha makusudi. Msomaji wetu, mama mmoja mwenye sauti nzito, alikuwa akiyarekodi asubuhi kisha anakwenda shambani kwake Osukuru. Programu ndiyo iliyoyacheza.

Hapo niliongeza kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Nilikuwa naogopa ukimya hewani kuliko chochote, maana ukimya ni kosa linalosikiwa na kila mtu. Basi niliiamuru programu kwamba ikikosa tangazo, ipige muziki.

Jumatatu asubuhi mama wa chai alinisimamisha mlangoni.

"Fundi, hizo kompyuta zako zinaponya watu? Tangu jana hakuna aliyekufa Tororo nzima."

"Tumempa Mungu likizo," nikamjibu, na tukacheka wote wawili.

Saa hiyohiyo ningeweza kuelewa. Niliingia ndani kukagua ripoti.

Mchana alifika mwanamume wa makamo kutoka Iyolwa, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa ameleta tangazo la mama yake Jumapili.

"Kijana, ile tangazo ya mama, mlisoma?"

"Limesomwa, mzee."

"Maana mdogo wangu iko Busia, upande ya Kenya, anauza samaki ya omena. Simu yake haipatikani, lakini redio yenu hazimi. Na sisi tunazika kesho saa nane. Kama alisikia, si angekuwa amefika?"

Redio ilikuwa dirishani. Ningeweza kumwambia akae, tusubiri, tusikilize pamoja. Badala yake nilimgeuzia skrini, nikamwonyesha mistari ya kijani, mmoja baada ya mwingine. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya eksirei na daktari.

"Basi amesikia," akasema. "Ile hasira yake kwa sisi bado haijaisha." Akakunjua suruali na kuondoka.

Jumanne alfajiri yule msomaji aliingia na redio yake ndogo, akaiweka mbele yangu.

"Jana matangani wameniuliza kwa nini siku hizi sisomi. Kaa usikie."

Saa moja habari zilikwisha. Gitaa likaanza.

"Ngoja niingie studio nisome kwa mdomo," akasema.

"Dakika kumi tu, mama. Nitengeneze kabisa, yaende vizuri kwa lugha zote."

"Fundi, kuna mtu anazikwa leo."

"Dakika kumi."

Aliniamini. Alikaa na karatasi zake magotini. Niliiondoa programu nikaiweka upya, nikaiondoa tena, kila mara kijani, kila mara muziki. Saa nne aliinuka, akaingia studio na kusoma.

Akiwa bado anasoma, ndipo nikaona. Zamani programu ilikuwa inaendeshwa kwa akaunti ya mtangazaji wa zamu. Mimi niliiweka iendeshwe na akaunti ya mfumo wenyewe, na akaunti hiyo haikuwa na ruhusa ya kufungua folda ya matangazo, iliyokuwa kwenye kompyuta ya chumba cha kurekodia. Programu ilikuta mlango umefungwa, ikahesabu kwamba hakuna aliyekufa. Ruhusa niliirekebisha kwa muda mfupi kuliko wa kumenya chungwa.

Jumatano alikuja mwanamke mwenye udongo mwekundu kwenye viatu.

"Nimeambiwa wewe ndiye unaweka matangazo. La mama nilisikia nusu, jana saa saba. Nilipofika nikakuta watu wananawa mikono, kaburi limeshafukiwa. Nataka kulisikia lote."

Nililicheza. Karibu na mwisho, sauti nzito ilisema: na binti yake aliye Busia, popote alipo, aje nyumbani.

"Hili lilirekodiwa lini?"

Ningeweza kusema Jumanne.

"Jumapili."

"Jumapili nilikuwa kibandani, redio imewashwa. Jumatatu pia." Akafikiri. "Jana asubuhi je?"

"Lilisomwa saa nne. Lingesomwa saa moja."

"Saa moja nilikuwepo. Saa nne nilikuwa nimeenda kuchukua mzigo."

Nilianza kumweleza habari za akaunti na ruhusa. Nilimchorea hata mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu anaambia watu nilisikia nikakataa kuja kumzika mama," akasema. "Anasema fundi alimwonyesha. Twende umwambie."

Nilichapisha kumbukumbu ya makosa ya kompyuta niende nayo. Kisha nikaiacha mezani.

Iyolwa tulimkuta kaka yake amekaa kwenye kiti cha plastiki, si mbali na kaburi. Nilisimama mbele yake nikasema kwamba tangazo halikusomwa Jumapili wala Jumatatu, kwamba kosa ni langu, na kwamba dada yake hakusikia chochote. Dada yake alisimama nyuma yangu, hakusogea.

Yule mwanamume aliinuka kitini.

"Lakini kijana," akasema, "wewe ulinionyesha."