Damu ya Shangazi 'Mapuleng

Shangazi yangu 'Mapuleng hupika pombe ya mtama, na kijijini kwetu Ha Tlaba hakuna bendera nyeupe, ile ya kutangaza kuwa pombe iko tayari, inayotazamwa kama yake. Ikipandishwa mlingotini, wanaume husahau walikotumwa. Lakini raha yake ya mwaka ni msimu wa kukata manyoya ya kondoo, anapopanda farasi kwenda ng'ambo ya milima kuwapikia wakataji mpaka kazi iishe.

Mwaka huu nesi Limpho alikataa kumpa dawa za miezi mingi za kwenda nazo huko. Wingi wa virusi katika damu yake, uliokuwa umetulia kwa miaka, ulikuwa umepanda. "Tumeza vizuri kwanza, tupime tena," alisema.

Chanzo kilikuwa msiba. Mumewe alipofariki, shangazi alivaa nyeusi akakaa ndani, maana mjane wa kwetu hazururi. Dawa zikamwishia humo humo.

"Si ungenituma mimi?" nilimuuliza.

"Wewe mtoto! Watu waseme marehemu hajapoa kaburini, mjane ameshaanza kuagiza dawa ajitengeneze?"

Basi alimeza kila jioni, redio ikianza tu taarifa ya habari. Akatolewa damu, pikipiki ikaishusha maabara mjini, na siku ya majibu nikamsindikiza, yeye juu ya farasi wake. Kwenye benchi la kliniki tulimkuta Ntate Sechaba, mkataji manyoya, naye kafuata dawa zake.

"Mama, usipokuja mwaka huu tutakunywa maji kama ng'ombe."

"Afadhali ng'ombe, hawaimbi."

Benchi zima likacheka. Shangazi pia, ila mkono wake ulikuwa umeshika blanketi alilojifunika mabegani kama anayeogopa upepo.

Tulipoitwa ndani, nesi alisoma karatasi, akatabasamu. "Virusi havionekani."

"Havionekani, au mashine yenu ina mtoto wa jicho?"

"Inaona vizuri, mama. Vipo, ila vichache mno, mashine haiwezi kuvihesabu. Na CD4, wale askari wa mwili wako, wameongezeka."

"Si nilikwambia? Haya, nifungie za miezi sita."

"Subiri. Ukifiwa tena je?"

Shangazi alinigeukia, akanitazama.

"Nikifiwa tena," alimwambia nesi, "nitalia huku nimemeza. Wakisema, waseme. Na dawa atazifuata huyu." Akanielekeza kidevu. "Haongei, lakini akitumwa anafika."

Nilitazama viatu vyangu. Nesi Limpho akafungua kabati, akaanza kutoa makopo.

Tulipotoka, Ntate Sechaba aliyaona makopo. Alimtazama shangazi usoni, akainuka, akaenda uani kumtandikia farasi.