Mashini Kubwa Kuliko ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinunua mashini ya kiwanda kabla yangu, nami nikaacha kumtembelea.

Kushona nilimfundisha mimi, hapa Kolwezi, kwenye cherehani yangu ya miguu. Alipoolewa alifungua karakana yake kando ya mulin, ule mtambo wa kusaga mahindi, akaanza kushona salopeti, zile nguo nzito za wachimbaji. Siku moja akaletewa mashini iliyotumika kutoka Dilolo, akaniita mimi yaya yake, dada yake mkubwa, niione.

"Yaya, kuya uone! Inapita mu jinzi mara ine kama karatasi."

Nilitafuta kasoro. Nikaona kutu kwenye mguu mmoja wa meza, nikamwonyesha. Akacheka, akasema ataupaka rangi.

Kutu hiyo ilinifurahisha siku mbili. Siku ya tatu mteja wangu wa miaka mingi akapita mbele ya mlango wangu bila kugeuza shingo, kitambaa begani, akielekea kwa mdogo wangu.

Nikapanda gari hadi Fungurume. Mzee mmoja alikuwa anafunga karakana yake na kuuza vyote. Nilitaka kitu kimoja tu: mashini kubwa kuliko ile ya Dilolo. Ilikuwepo.

"Mama, kwako kuko kuran ya trifaze?" akaniuliza. "Hii haitembee na kuran ya nyumba."

"Iko," nikajibu. Kuran, yaani umeme, nilikuwa nayo; trifaze sikuijua. Niliogopa tu asije akamuuzia mwingine.

Wanaume wanne waliishusha kwangu wakihema. Fundi wa umeme akafungua kifuniko cha mota, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hapa haitazunguka, mama. Trifaze, ile kuran ya nguvu ya mashini kubwa, iko ku mulin tu."

Ku mulin. Kwa mdogo wangu.

Niliifunika kwa kitenge, nikawaambia majirani nangojea kipuri. Wiki tatu nilishona kwa miguu huku imekaa nyuma yangu. Mwishowe mdogo wangu akaja bila kuitwa, akainua kitenge, akaizunguka. Nilingoja acheke.

"Yaya, hii inapita yangu kabisa," akasema. "Tuipeleke ku kwangu. Benye mulin batatupa kuran."

Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Nilichosema ni kwamba yangu iwekwe karibu na dirisha.

Sasa tunashona katika chumba kimoja, mgongo kwa mgongo. Kazi ni nyingi kuliko zamani, siwezi kukataa. Lakini juzi mteja mgeni aliingia, akanitazama, akaniambia nimwitie patron, mwenye karakana. Mdogo wangu akageuka kwenye kiti chake kabla sijafungua mdomo.

"Patron njo huyu, tata. Mi niko mudogo yake."

Angenyamaza ningeumia kidogo. Kwa maneno yale niliumia sana, maana yalikuwa ya upendo na mimi sikuwa nayo ya kumrudishia. Niliinama, nikakanyaga pedali, nikashona mfuko wa salopeti upande usio wake. Ikabidi niufumue wote.