Ubeti wa Kiacholi

Katika chuo cha dini nilikosomea uchungaji, hapa Kampala, ibada ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi ilikuwa na desturi yake. Wimbo ulikuwa mmoja, lakini kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliimba ubeti kwa lugha ya nyumbani kwao. Watu wa lugha hiyo waliinuka kwenye mabenchi na hawakuketi tena. Kufikia ubeti wa mwisho kanisa zima lilikuwa limesimama, ndipo ngoma ilipoingia.

Mwalimu wa muziki, mtu mkavu asiyecheka ovyo, aliziandika lugha ubaoni wiki tatu kabla. Aliponifikia nikasema Kiacholi. Ulikuwa uongo, au tuseme nusu yake. Baba alikuwa Mwacholi, Mkristo, askari wa magereza Luzira. Mama ni Mlugbara, Mwislamu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili cha kwenye kota za askari. Mjini hapa watu walikiona kuwa lugha ya wanajeshi wa vizuizi vya barabarani na ya majambazi. Niliona aibu, basi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, kutoka Gulu, akanifundisha ubeti neno kwa neno mpaka nikaukariri wote, ingawa maana yake sikuijua vizuri.

Mama alikuja kutoka Kisugu, alikohamia baada ya baba kufariki. Hakuwa amewahi kuingia kanisani. Hata siku ya mazishi ya baba alibaki nje. Safari hii alikuja kwa ajili yangu. Nilipomweleza ile desturi aliniuliza mara mbili, "Sasa watu wa lugha yako ndiyo wanasimama?" Nikamjibu ndiyo. Mlangoni alivua viatu, kama alivyozoea msikitini, akaenda kukaa benchi la tatu.

Niliimba bila kukosea hata neno. Waacholi wakasimama, bibi mmoja akapiga vigelegele. Mama alinitazama tu, mikono magotini. Wakafuata Waganda, Wateso, Wanyankole. Hata ubeti wa Kilugbara ulipoimbwa hakuinuka. Ngoma ilipoingia, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekaa. Mzee wa kanisa akamwinamia na kumnong'oneza, naye akatikisa kichwa. Nadhani watu walifikiri ni mambo ya dini, na mimi nikawaacha wafikiri hivyo.

Ibada ilipokwisha nilimsindikiza hadi getini.

"Umeimba muzuri," aliniambia. "Lakini mimi nilikuwa nangoja ya kwetu, ndiyo nisimame."

"Ile ni lugha ya baba, mama."

Aliweka mkoba wake begani vizuri kabla ya kunijibu.

"Na huyo baba yako alinitongoza na lugha gani?"