Bonus, Bona, na Sufuria ya Bukari

Juzi nilirudi mtaani Katuba, Lubumbashi, kwenye ua wa nkambo, nyanya yetu. Nje, kijana wa kuuza unité, salio la simu, alikuwa akiita, "Kuko bonus! Kuko bonus!" Nami, bila kufikiri, nikamjibu: "Bona, bonum!" Akaniangalia kama vile nimepigwa na jua. Ungecheka, rafiki yangu.

Zamani ile Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa akisoma Kilatini. Baba alishasema: akianguka mtihani wa mdomo, basi shule imeisha, aende kushona. Kila jioni tulitwanga sombe, majani ya muhogo, mchi ukishuka na neno la Kilatini la "mwema": bonus kwa mwanaume, bona kwa mwanamke, bonum kwa kitu. Mwalimu wao aliwaambia kwamba neno lenyewe lilizaliwa likiitwa duenos, midomo ya watu ikalilainisha polepole, kama kipande cha sabuni. Miye nililala nikiota midomo hiyo yote.

Lakini Yaya aliteleza palepale kila siku. Sisi Lubumbashi mama iko muzuri, bukari, ugali wetu, iko muzuri, hata mvua iko muzuri, neno lilelile. Basi kwake mama naye akawa bonus.

"Yo! Unanigeuza mwanaume?" nkambo akacheka, moshi wa mbabula, jiko la makaa, ukimtoa machozi. "Sikia. Kuanzia leo, miye njo Bona. Baba yako, Bonus. Sufuria ya bukari, Bonum. Ukikosea, hakuna kula!"

"Bona!" Yaya aliita, sahani ya sombe ikinukia mawese.

"Niko!" nkambo aliitika, kama msichana wa darasani.

"Bonus!" Baba alikunja uso, lakini mkono aliunyoosha apokee sahani. Sufuria niliiitikia miye.

Siku ya mtihani Yaya aliulizwa "mama mwema". Akafumba macho, akamwona nkambo ameketi karibu na mbabula. "Mater bona!" Habari ya kushona ikafia hapo.

Sasa nkambo hayuko tena duniani, na Yaya yuko mbali, anafundisha. Sombe inasagwa kwa mashine sokoni, kinu chetu kimepasuka, kuku anatagia ndani. Na lile neno limebaki moja tu, la simu, halina mama wala sufuria.

Kabla ya kuondoka nilisimama mlangoni pa jikoni, nikaita taratibu: "Bona!"

Kule barabarani yule kijana akaitika: "Kuko bonus, dada!"