Matawi ya Nyuma Kabisa

Mimi huwa siongei. Mwalimu akiniuliza swali darasani, jibu ninalo, lakini linakwama kooni mpaka mwenzangu wa dawati analisema kama lake. Ninaanza na hili kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Si kisingizio.

Mama anauzia madereva chai na mandazi kwenye kibanda kando ya barabara kuu, kilomita chache kabla ya Malaba. Jumatatu moja trela la Kampala lilivunjika ekseli karibu na hapo, chini tu ya kona, likabaki palepale kwenye lami. Dereva alikuwa mzee mpole. Pembetatu zake za kumeta, zile za kuonya magari, ziliibiwa akiwa kwenye foleni ya mpaka safari iliyopita. Akaja kwetu na panga.

"Nyabo," akamwita mama kwa Kiganda, "naomba matawi kwa ule mkaratusi wenu."

"Kata, mzee. Lakini usinimalizie mti."

Aliyapanga kama madereva wote wa huku wanavyopanga: rundo moja mbali kabisa, juu ya kona, lingine katikati, na makubwa nyuma ya magurudumu. Nilikuwa nachota maji, akaona namtazama.

"Haya ya mbali ndiyo yanaongea na watu," akaniambia. "Haya ya karibu, mtu akiyaona ameshafika."

Niliitikia kwa kichwa tu.

Alhamisi nilipotoka shule, kuni zilikuwa zimeisha na wateja wamekaa. Mama akanituma kwa jirani. "Na ufungue mdomo uombe, usisimame pale kama mlingoti!"

Kufika kwa jirani lazima upite steji ya bodaboda. Nilipokaribia tu mmoja akapaza sauti: "Wazee, bubu amekuja kutuhutubia!" Wakacheka wote isipokuwa kijana wa nyumba ya pili kutoka yetu, ambaye hunibeba asubuhi mvua ikinyesha. "Muacheni," akasema. "Ataongea akitaka." Hata hilo lilinichoma. Nikageuka.

Nikarudi kwa njia ya juu, ya kona. Matawi yalikuwa yamepigwa na jua siku tatu, makavu, majani yanalia ukiyagusa. Yale ya karibu na trela sikuthubutu, dereva alikuwa amelala kivulini na angeamka aniulize. Ya juu ya kona hayakuwa na mtu. Nikayafunga kwa leso. Yale ya katikati pia. Nilijiambia magari yatayaona yaliyobaki.

Mama alidhani nimeyaokota chini ya mti wetu. Moto ulishika mara moja. Dereva mwenyewe alikuja, akanywa vikombe viwili.

"Leo moto wenu unanuka dawa ya kifua," akasema. "Chai imeiva haraka." Mama akacheka. Mimi nilikuwa naosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Saa kumi na mbili hivi mvua ikashuka, ile ya kufunga macho. Tulisikia pikipiki ikikata kona, tukasikia breki, halafu mvua peke yake. Alikuwa yule kijana wa nyumba ya pili. Alikata roho kabla hawajapata gari la kumpeleka hospitali.

Watu walijaa. Wenzake wa steji walimshika dereva shati, likachanika.

"Wewe, matawi unaweka hapa kwa tairi, ni mapambo?"

"Banange, niliweka mpaka juu ya kona! Njooni muone!"

Alikimbia mbele yao kwenye mvua. Alirudi polepole, anaangalia mikono yake kama amesahau kitu. Polisi walimchukua kabla hajauawa. Mimi nilikuwa jikoni. Chini ya sufuria kulikuwa na kijiti kimoja, bado kina majani mawili. Nilikisukuma ndani.

Nilimwambia mama asubuhi. Alikaa juu ya debe.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza hivyohivyo."

Maisha yangu yote ananigombeza kwa kunyamaza.

Jumamosi tulienda matangani. Watu walikuwa wanasema yule Mganda atafungwa miaka mingi, na wengine kwamba ni kidogo. Mama wa marehemu aliniona, akanishika mkono.

"Wewe unakaanga pale kila siku na mama yako. Yule mzee aliweka matawi, ama hakuweka?"

Mdomo ulifunguka. Hakuna kilichotoka.

"Wacha tu, mwanangu," akasema, akanipapasa. "Najua wewe huongei."

Sikulala vizuri siku mbili. Jumatatu nilivaa sare ya shule, nikaipita shule bila kuingia. Nyuma yangu nikasikia hatua: mama, amevaa viatu vyake vya kanisani.

Kituoni afande aliinama juu ya meza. "Ongea kwa sauti, hapa si maombi." Nikarudia. Akaandika, akasema mzee bado atajibu kuhusu zile pembetatu, ila hili limebadilisha mambo. Akamleta dereva asikie. Mzee alinitazama muda mrefu, shati lake bado limechanika.

"Ile chai," akasema.

"Ndiyo."

Alikaa kwenye benchi, akafunika uso.

Kutoka pale nilimwomba mama tupitie nyumba ya pili. Mama wa marehemu alikuwa uani anapepeta maharagwe ya wageni wa mazishi. Nilisimama mbele yake.

"Uliniuliza kama mzee aliweka matawi. Aliweka. Ni mimi niliyatoa, nikayapeleka kwa moto."

Ungo ukatulia. Maharagwe machache yaliteleza, yakaanguka chini.

"Sema tena," akasema, ingawa alikuwa amesikia.

Nikasema tena.