Safu ya Bibi Afya

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiona nyama imening'inia buchani inanirudia. Nakuandikia kwa sababu ya jibu ulilonipa jana. Nilikuuliza ile laibrari ya programu umeiunganishaje na kanzidata ya mteja, ukaniambia, "Imekubali, mzee, haijatoa kosa hata moja." Nikakuaga. Ulidhani nimeridhika. Sikuridhika. Hapo ndipo nilipoanza kukutilia shaka, wewe na hiyo laibrari yako.

Unajua mie sina vyeti. Nimeishia darasa la saba, nikaja mjini, nikabeba maboksi ya kompyuta mpaka siku nikaanza kuzifungua. Kuandika programu nilijifunza kwa kusoma za wenzangu na kuharibu za kwangu. Najivunia hilo na sitaomba radhi. Ila mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ubaya wake: akishaliweza jambo, haulizi mtu tena.

Enzi hizo nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa Bwana Murtaza, Khoja mmoja mkimya aliyekuwa na machinjio yake nje kidogo ya Tegeta. Kila ng'ombe aliyeingia pale alipewa namba, na mstari wake kwenye kanzidata: uzito wake, mnada aliotoka, na safu moja yenye herufi moja tu, ya bibi afya. Bibi afya wetu alikuwa Mama Felista, mama wa Kichaga, mfupi, gambuti mpaka magotini. Alikuwa akimkagua ng'ombe kichwa, moyo, ini na mapafu. Akikuta ugonjwa anaandika N, yaani ndiyo, anao. Asipokuta anaandika H, hapana, hana. Halafu anapiga muhuri kwenye nyama, uzito unaingizwa, na kompyuta inatoa karatasi ya kupitia getini.

Programu ilikuwa imezeeka. Bwana Murtaza akaniambia niandike mpya, ila kanzidata isiguswe, ina miaka yake yote mle ndani. Nikachukua laibrari ya kutafsiri, kama hiyo yako. Kazi yake unaijua, lakini niiseme kwa ajili ya wenzio watakaosoma: programu inazungumzia ng'ombe mzima, kanzidata inajua mistari na safu tu, laibrari inakaa katikati kama mkalimani, ili usihangaike kuandika kila swali kwa mkono. Ilikuja inazijua kanzidata zote maarufu. Hii yetu haikuijua. Ikabidi niifundishe mwenyewe, aina moja ya safu baada ya nyingine: tarehe soma hivi, namba soma hivi, maneno hivi.

Nikafika kwenye safu ya Mama Felista. Kwenye laibrari, jambo la ndiyo au hapana lina majibu mawili, basi. Nikaandika: ikiwa ni N, ng'ombe ana ugonjwa, vinginevyo, hana. Mstari mmoja, mwanangu. Nikaujaribu kwa kumbukumbu za miaka yote iliyopita, zikalingana mpaka ng'ombe wa mwisho. Na mie nikasema imekubali.

Jumamosi hiyo Mama Felista alichelewa, foleni ilimshika. Ng'ombe tisa walikuwa wameshatundikwa kwenye kulabu, hajawagusa hata mmoja. Mpima uzito akaingiza uzito wao, kompyuta ikatoa karatasi tisa: safi. Wapakiaji hawakuangalia muhuri, maana tangu zamani karatasi haikuwahi kutoka kabla ya muhuri. Gari la kwanza likaenda Kawe, kwenye sherehe ya kipaimara. La pili lilikuwa linatoka getini Mama Felista alipofika. Akasimama mbele yake.

"Mama, tupishe basi, karatasi hii hapa," dereva akamwambia. "Wameandikwa safi wote."

"Kaandika nani?"

"Kompyuta."

"Kompyuta imevaa gambuti saa ngapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifungua gari, hakuona muhuri hata mmoja, akaniita. Nikakimbilia kwenye kanzidata yenyewe, nikiwa na hakika nitamwonyesha kwamba ishu ni ya wapakiaji. Nikakuta H tisa zimepangana kwenye safu yake. Mpima uzito alipohifadhi uzito, laibrari, iliyoisoma safu tupu kama "hana", iliandika upya mstari mzima, pamoja na jibu ambalo hakuna binadamu aliyelitoa. Yaani haikudanganya programu tu. Ilirudi ikaingiza uongo kwenye kumbukumbu.

Bahati ni kwamba vichwa vilikuwa vimebaki, vyenye namba zake masikioni. Akavikagua kimoja kimoja, mie nimesimama pembeni. Alipochana shavu la namba saba, chembe nyeupe zikatokeza kama punje za mchele. Tegu.

"Huyu mwenye kichwa hiki yuko wapi?"

Alikuwa Kawe.

Nikapewa pikipiki ya kazini. Nilivyofika, moto umeshawashwa, akina mama wanamenya vitunguu, na sufuria moja la nyama ndiyo kwanza linabandikwa jikoni. Nikamwendea mwenye shughuli.

"Shikamoo mama. Naomba ile nyama nirudi nayo, yote."

"Marahaba. Urudi nayo wapi, na wageni wangu wako njiani kutoka kanisani?"

"Haijakaguliwa, mama. Kuna ng'ombe mgonjwa ndani yake."

"Si mmeileta na karatasi? Au mlijiandikia wenyewe?"

"Niliandika mimi."

Mmoja wa waliokuwa wanamenya vitunguu akadakia, "Basi wageni tuwachemshie hiyo karatasi, braza, maana iko safi." Nikairudisha nyama yote kwenye gari lililoileta, lilikuwa bado halijaondoka, na iliyokuwa sufuriani nikaiopoa mwenyewe, nao wanaendelea kunisema. Hakuna aliyekuwa ameionja. Bwana Murtaza aliwapelekea nyama nyingine, muhuri juu yake, wakala wamechelewa.

Niliporudi nilijua nimefukuzwa. Mama Felista akanikalisha kwenye kreti, akafungua daftari lake. Sitamsahau.

"Hapa nimeandika H. Na hapa?"

"Hapo hakuna kitu."

"Kipo. Hapo nimesema bado sijafika. Wewe ukaenda ukanijibia. Umekaa hapa miezi mitatu, shikamoo zako nazisikia kila asubuhi, hujanikalisha hata siku moja ukaniuliza safu yangu ina maana gani."

Kisha akamwambia Bwana Murtaza asinifukuze, kwa sababu akija mwingine atalirudia kosa hilohilo. Hiyo ndiyo sababu pekee aliyoitoa.

Wiki nzima nilivaa gambuti nikamfuata, safu moja baada ya nyingine. Ndipo nikaandika upya. Safu yake nikaipa majibu matatu: ndiyo, hapana, na bado. Laibrari nikaikataza kuandika mstari mzima, ihifadhi kilichoguswa tu. Ikikutana na herufi isiyoijua, isimame ipige kelele, isikisie. Na sikujaribu tena kwa kumbukumbu za zamani peke yake. Za zamani zote zilikuwa zimeshakaguliwa, mwanangu, zingekosaje kulingana? Nilijaribu saa moja asubuhi, ng'ombe wako juu ya kulabu na bibi afya hajafika.

Sasa rudi kwenye ofisi ya mteja wako. Yule mama wa masjala uliyeniambia ulimsalimia ukampita, vuta kiti ukae naye. Muulize kila safu: nani anaijaza, saa ngapi, na akiiacha wazi anamaanisha nini. Laibrari iliyoandikwa na watu wasiomjua haiwezi kukuambia. Isipotoa kosa, ndipo uitilie shaka zaidi. Yangu haikutoa kosa hata siku ile ilipotaka kuwalisha watu tegu. Nami nitilie shaka pia, sijawahi kuiona kanzidata hiyo.

Mungu akupe macho ya kuona palipoachwa wazi, na adabu ya kuuliza kabla hujapajaza. Akulinde usije ukasimama mbele ya sufuria la watu kama nilivyosimama mie. Na ikitokea ukasimama, akupe ulimi wa kusema ni mimi.