Amina ya Mama Épiphanie

Mimi ni mchungaji wa watu mia mbili na kumi na wanne. Hesabu hiyo naijua kwa sababu simu ndiyo inayoniambia. Wanaokaa kwenye viti Jumapili ni pungufu sana ya hapo, lakini sikuwahi kujisumbua kuuliza kwa nini. Nilijisemea wengine wako mashambani.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla sijanawa hata uso, narekodi Neno la Asubuhi na kulirusha kwenye grupu la kanisa. Dakika tatu, si zaidi, maana bando la watu wangu ni dogo. Namalizia kwa maneno yale yale: kama umeamka mzima, sema Amina. Halafu naketi ukingoni mwa kitanda nikizisubiri. Amina, Amina, Amina, na vile vikono vya kuomba, na mioyo myekundu. Zikifika hamsini nakunywa chai yangu kwa raha. Zisipofika, nina kisirani siku nzima, mpaka mke wangu Vestina ananiuliza kama nahubiri au nagombea udiwani.

Ilianza kwa nia njema, hapo nitajitetea. Masika ya mwaka juzi pikipiki yangu ilikufa, njia za hapa Kawajense zikageuka tope tupu, nikasema nitawafikia watu kwa simu mpaka mvua zikatike. Mvua zikakatika. Pikipiki ikatengenezwa. Mimi sikutoka. Nilikuwa nimeshaonja utamu wa kuwatembelea watu mia mbili nikiwa nimevaa kandambili. Nikatunga na sheria kabisa: asiyejibu siku saba mfululizo, jina lake naliondoa kwenye grupu, maana sitaki kondoo wa maonyesho. Siku niliyoirekodi sheria hiyo nilicheka mwenyewe.

Sasa nimwelezee Mama Épiphanie, ambaye ndiye ninayetakiwa kumlilia.

Hakunizaa, ila imani yangu ilitoka kwake. Yeye na wazazi wangu walikimbia kutoka Burundi, wakapewa mashamba Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na mimi nilizaliwa huko, miaka mingi kabla hatujapata uraia. Mama Épiphanie alikuwa mwanamke pekee kwenye baraza la wazee wa kanisa. Kila asubuhi alisimama nyuma ya nyumba yake akatazama mapaa ya majirani. Jiko ambalo halikutoa moshi, alilifuata kwa miguu. Huko alikuta mgonjwa, au mwanamke aliyepigwa, au njaa tu. Hakubeba Biblia, alibeba unga na kuni. Nilipokwenda chuo cha uchungaji nilidhani nitafundishwa jambo kubwa kuliko hilo, na nikarudi na cheti.

Uzeeni alihamia hapa Kawajense kwa mwanawe Rénovat. Rénovat na mkewe Jeannine walipokwenda kulima mpunga Majimoto, yeye alikataa kuwafuata. Alisema hataki kuwa mbali na kanisa. Miguu ilipomgomea akaniomba kitu kimoja.

“Mwanangu, nisije nikafa bila Meza ya Bwana. Uniletee mkate kwa mkono wako.”

Nikamwahidi kwenda kila mwezi. Nilikwenda miezi miwili. Krismasi nikampelekea simu ya kupangusa, zawadi ya akina mama wa kanisa, nikamwonyesha pa kugusa ili anisikie. Nikamtania kwamba sasa nitakuja kila asubuhi, hata viatu sivui. Alicheka sana. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuziba, akaipakata simu ile na kuiweka sikioni, akasema sauti yangu humo ni nzuri kuliko ya mdomoni.

Toka siku hiyo sikukanyaga kwake mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa nne. Wala sikuwa na wasiwasi. Amina yake ilikuwa kati ya kumi za kwanza, kila siku ya Mungu.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, nilikuwa ofisini kanisani nikihangaika kukata kipande cha video ya mahubiri ili nikipandishe mtandaoni. Akaingia Mwamvita, bila hodi. Mwamvita ni Mwislamu, ana duka mlango wa pili kutoka kwa Mama Épiphanie, na si mtu wa kuja kanisani.

“Mchungaji, nyie mkoje? Yule bibi yenu mnamwachia nani?”

“Bibi yupi?”

“Épiphanie. Wiki ya tatu hii hajanyanyuka. Namgeuza mimi, namnywesha uji mimi. Toka juzi hata uji haupiti. Kila siku ananiuliza kama umefika, namwambia anakuja. Leo nimechoka kumdanganya.”

Nitakachosema sasa naona aibu kukisema. Sikusimama. Nilichukua simu nikamwonyesha.

“Mbona leo alfajiri kaniandikia Amina? Tazama.”

Mwamvita aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

“Simu hana. Jeannine kaondoka nayo toka mwezi wa kwanza, alipokuja kumwona. Ya kwake ilitumbukia kwenye maji ya mpunga, na bibi mwenyewe haoni.”

Nikapiga namba ile ile palepale. Akapokea Jeannine.

“Nilikuwa namjibia mama,” akasema. “Ulisema asiyejibu wiki nzima unamtoa. Nikaogopa atafutwa kanisani. Nilimwacha mzima, Mchungaji. Juzi Mwamvita kanipigia, lakini njia imekatika kwa mvua, hakuna gari linalopita. Nikasema afadhali wewe uko naye. Si ulimwahidi kila mwezi?”

Akaanza kulia. Miezi mitatu nilikuwa nanywa chai kwa raha juu ya Amina za mkwe aliyekuwa ananiogopa.

Nilibeba mkate na kichupa cha divai nikawasha pikipiki. Njiani nilikuwa nalia na kuomba kwa sauti: Bwana, usimchukue, nipe dakika kumi, dakika kumi tu. Kutoka kanisani mpaka kwake ni mwendo mfupi kuliko mahubiri yangu. Jiko lake liko nje, linaonekana barabarani, na barabara ile napita kila siku nikienda sokoni. Mafiga yalikuwa baridi, na katikati yake nyasi zilikuwa zimeota.

Ndani nilimkuta amekuwa mdogo mno. Mwamvita alikuwa amemfunika khanga zake mwenyewe. Nikapiga magoti.

“Mama, ni mimi, Telesfori. Nimekuletea Meza ya Bwana.”

Akafunga midomo, akageukia ukutani.

“Wewe ni nani?”

“Mchungaji, mama.”

“Mchungaji yuko kwenye simu,” akasema taratibu, kwa upole, kama unavyomwelekeza mgeni asiyejua mji. “Jeannine kaondoka naye.”

Nikamsemesha Kirundi. “Ni jewe, mama. Ni mimi.” Nikamshika mkono, akauvuta. Nikamtajia Katumba, nikamtajia baba yangu, nikamtajia moshi. Alikuwa anamsubiri mchungaji wake, na hakuwa tayari kupokea mkate kwa mtu mwingine. Pumzi zake zilikuwa zinaachana mbali. Nililia mbele yake bila kujizuia, na hata kilio changu hakukitambua.

Mwamvita alikuwa amenifuata, kasimama mlangoni.

“Si umfungulie hiyo simu yako,” akasema, safari hii bila hasira. “Akusikie.”

Sikutaka. Mungu anajua sikutaka. Ningetoa kanisa, na grupu, na watu wote mia mbili na kumi na wanne, mama yule anitambue mimi, niliyepiga magoti kwenye sakafu yake. Lakini muda wa kubishana haukuwepo. Nikafungua Neno la alfajiri ile, nikaiweka simu kwenye mto.

Ikatoka sauti yangu, changamfu, ya mtu aliyelala vizuri. “Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Habari za asubuhi ya leo!”

Akageuka kutoka ukutani. Uso ulilegea, midomo ikafunguka, na nikaona ufizi wake ukicheka. Nikachovya kipande cha mkate kwenye divai, nikamgusisha midomoni na ulimini. Akapokea. Sauti kwenye mto iliendelea kuwahimiza watu wasikate tamaa, kisha ikafika kwenye mwisho wake wa siku zote: kama umeamka mzima, sema Amina.

“Amina,” akasema Mama Épiphanie.

Alisema kwa nguvu zote zilizobaki, akiielekea simu. Halafu akanipapasa bega, mimi niliyekuwa hapo kando.

“Umesikia?” akaniambia. “Nilijua atakuja.”

Alikata roho saa nane mchana, kiganja chake kikiwa juu ya simu yangu. Haukupita muda ujumbe wa pole ukaanza kuingia, maana Mwamvita alimpigia Jeannine, naye akawaambia watu kwenye grupu, na simu ikawa inatetemeka chini ya mkono wake. Sikuthubutu kuitoa.